Muulize Mzee wa Daftari: Fungu la tabianchi likatwe au lisikatwe?

SWALI

Mzee wetu, shikamoo. Nina duka la unga, mchele na nazi hapa Mwembe Tayari, Mombasa, la marehemu baba. Novemba 2023, mvua ile iliyozamisha mji iliingia dukani usiku. Asubuhi nilipofungua nikakuta safu ya chini ya magunia yote imekunywa maji, unga umeshakuwa uji. Tangu siku hiyo nimeinua shelfu kwa matofali. Mtaro ulio mbele ya duka mpaka leo umejaa chupa za plastiki, na tunaouzibua ni mimi na muuza kahawa jirani yangu, kwa koleo la kuazima.

Sasa nasikia katika bajeti ya kaunti mna fungu la mabadiliko ya tabianchi, na wananchi wanaitwa mkutanoni kutoa maoni. Nimenuia kusimama niseme fungu hilo likatwe, pesa ziende kwenye dawa za zahanati na mitaro. Moshi wameutoa wenye viwanda vyao Ulaya, Marekani na Uchina. Sisi hata tukipanda miti mpaka juu ya mapaa, tutapunguza nini? Mke wangu asema nitaaibika mbele za watu. Nisimame au nikae?

Mwenye Duka, Mwembe Tayari

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole kwa unga. Simama. Lakini hayo uliyonuia kuyasema yaache nyumbani, uende na mengine.

Kwanza nikwambie mimi ni nani katika jambo hili, maana mtu akikushauri habari za kisu ni vizuri ujue kama alikuwa mchinjaji. Nimekaa miaka 27 katika ofisi za hesabu za serikali za mitaa. Mji gani sitasema. Wenzangu wengine wako hai na wajukuu zao wanasoma gazeti hili. Kalamu iliyokuwa ikikata mafungu ilikuwa yangu. Kila mwaka makadirio yalikuja makubwa kuliko mapato, na kila mwaka nilitafuta fungu lisilo na mwenyewe. Mishahara ina wenyewe: iguse leo, kesho mgomo. Mafuta ya magari ya wakubwa yana wenyewe, na hao huja mpaka mezani kwako. Kuzibua mitaro hakuna mwenyewe mpaka mvua inyeshe, na bajeti haiandikwi mvua ikinyesha. Basi mwaka mmoja nikalipiga mstari fungu la mitaro, likabaki robo. Nikaenda nyumbani, nikala, nikalala.

Vuli ya mwaka ule nilirudi kazini kwa miguu, suruali nimeikunja magotini. Kwenye kichochoro kimoja palikuwa na mama ameanika godoro juu ya ukuta, na kwenye kamba ya nguo ameanika kitabu cha shule cha mwanawe, karatasi moja moja, kila moja na kibanio chake. Hakunijua mimi ni nani. Akanisalimu, tena kwa adabu. Nami nikaitikia.

Sasa tuje kwa moshi wako. Hapo uko sawa, na asikutishe mtu mkutanoni: Kenya inatoa sehemu ndogo mno ya hewa chafu ya dunia, na Mombasa ni sehemu ndogo ya hiyo ndogo. Kama fungu lile lingekuwa la kupunguza moshi wa dunia, ningekwambia likate, na kalamu ningekuazima. Lakini sehemu kubwa ya fungu hilo haihusu moshi hata kidogo. Linahusu maji yaliyoingia dukani kwako. Ukisema tabianchi ikatwe pesa ziende mitaroni, utakuwa umetoa shilingi mfuko wa kulia ukaitia wa kushoto, na njiani kuna watu wa kuipunguza.

Tazama ilivyokuwa. Kutoka 1901 hadi 2018 bahari za dunia zimepanda wastani wa sentimita 20. Nyosha kiganja, pima kutoka kidole gumba mpaka cha mwisho: shubiri moja. Mtu aliyeketi ufukweni pa Mama Ngina anakula viazi vya karai na kutazama meli hatoiona hiyo shubiri. Lakini mtaro wa kisiwani unatoka wapi? Unamwaga baharini. Mvua kubwa ikikutana na maji ya bamvua yamejaa, mdomo wa mtaro unakuwa chini ya bahari, na maji ya mvua hayana pa kwenda ila kurudi mjini kutafuta mlango ulio wazi. Hapo shubiri moja ni kitu kikubwa sana. Nayo mvua yenyewe haikuwa ya kawaida: wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution waliipima ile ya Oktoba hadi Desemba 2023 katika Afrika Mashariki, wakakuta joto lililoletwa na binadamu limeizidisha nguvu, pengine hata maradufu. El Niño ilikuwepo pia, na joto la Bahari ya Hindi upande wetu huu. Vyote vilikutana mlangoni pako usiku mmoja.

Tena mji haukukaa ulivyokuwa. Sensa ya 1969 ilikuta Mombasa watu laki mbili na nusu hivi. Ya 2019 ikakuta 1,208,333. Kila mmoja ana chupa ya maji mkononi, na chupa ikimalizika yajulikana inakokwenda.

Kuna jambo la hesabu ambalo mkutanoni huenda usilisikie. Tangu 2021 Hazina ya Taifa inaendesha mpango wa fedha za tabianchi unaoitwa FLLoCA, ambao fedha zake zinatoka Benki ya Dunia na kwa nchi kama Denmark, Sweden na Ujerumani. Zinateremka mpaka kaunti, na nia ni zifike wadi, watu wa pale waseme wenyewe wanataka kisima, ukuta au mtaro. Lakini haziji bure. Kaunti lazima iwe na sheria yake ya tabianchi, iwe na kamati za wadi, na itie fedha zake yenyewe kutoka bajeti ya maendeleo. Asiyetia chake hapewi. Kwa hiyo kile kifungu unachotaka kukikata ndicho chambo. Ukikila chambo, usimlaumu samaki.

Hata hivyo sikwambii tukae tukitegemea samaki wa kigeni. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na watu waliokuwa na miradi ya miaka mitano wakajikuta na miradi ya mpaka Ijumaa. Pesa ya mgeni ina tarehe. Pesa ya mji mwenyewe ndiyo inayobaki kufagia baada ya wageni kuondoka, na ndiyo sababu nataka iendelee kutengwa hata mwaka ambao haukuja mfadhili hata mmoja.

Basi ugomvi wangu uko wapi? Uko kwenye aina ya matumizi. Nisikilize hapa hata kama muuza kahawa anakuita.

Bajeti ya kaunti ina mikono miwili: matumizi ya maendeleo na matumizi ya kawaida. Kujenga, kununua, kupanda, kuzindua: maendeleo. Kufagia, kuzibua, kulinda, kumwagilia, kumlipa kijana mwenye koleo: ya kawaida. Fedha za tabianchi huhesabiwa upande wa maendeleo. Kwa hiyo hata afisa mwenye nia njema anasukumwa kuanzisha kitu kipya kila mwaka, kwa sababu kutunza kile cha mwaka jana hakuna kasma yake, yaani mstari wake ndani ya bajeti. Ndiyo maana unaona kila mwaka siku ya kupanda mikoko, yenye mahema, spika, soda na fulana, na huoni hata mwaka mmoja siku ya kwenda kuitazama.

Mwaka juzi shemeji yangu, ambaye kikundi chao kinalinda mikoko upande wa Kisauni, alinivuta nikaone. Maji yalikuwa yamekupwa. Nilivua viatu, tope likanifika gotini, na kwa umri wangu kila hatua ilikuwa kesi. Mbele kabisa, penye mawimbi, palikuwa na mistari iliyonyooka kama ya daftari: kampuni moja ilikuja na mabasi mawili, ikapanda, ikapiga picha, ikaenda. Nikachukua mstari mmoja wa miche ishirini nikaihesabu. Yenye majani ilikuwa mitatu. Mingine ilikuwa vijiti vyeusi, imegandwa na vikombe vidogo vya baharini vilivyo vikali kama wembe. Walikuwa wamepanda mkoko mtupu, aina moja tu kati ya miti tunayoiita mikoko. Pale ni mahali pa mlilana, ndio unaostahimili kusimama mbele ya bahari. Mkoko hukaa nyuma yake, na mkandaa nyuma zaidi. Mtoto wa mvuvi analijua hilo kabla hajaanza shule. Hawakumuuliza. Fulana moja ya siku ile niliikuta imeziba tundu la mtumbwi, na hiyo ndiyo kazi niliyoona imefanywa.

Kisha shemeji akanipeleka nyuma. Pale hawakupanda kitu. Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mama yake, inaning'inia kama kijiti cha kijani, ikikomaa inaanguka, inajichomeka topeni au inaelea mpaka ipate pa kushika. Wao walifukuza wakata kuni na mbuzi, basi. Miche ilikuwa imenifika kifuani. Gharama yake yote ilikuwa posho ya mlinzi na jozi mbili za viatu vya mpira. Katika daftari langu la zamani gharama hiyo ingeandikwa matumizi ya kawaida, nami ningeikata.

Na usidhani mikoko ni pambo la watu wa mazingira. Boriti zilizobeba dari ya nyumba niliyozaliwa, Kuze, ni mkoko, na zimewapita babu zangu wawili. Ikiondoka, tope linalosombwa na mvua linaingia moja kwa moja majini, na wimbi linafika ardhini na nguvu zake zote. Nayo pia ina kikomo: mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliporomosha udongo mwingi hata mikoko ya Mwache ikafunikwa mizizi yake ya kupumulia, ikafa imesimama.

Kitu cha pili ni mwezi. Watu wote mkutanoni watauliza kiasi gani. Wewe uliza lini. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Vuli huanza Oktoba. Katikati hapo mtaro unatakiwa uzibuliwe, lakini pesa za Nairobi zinakawia, zabuni inazunguka, saini moja iko safarini. Enzi zangu mkandarasi wa mitaro alikuwa akitia saini Desemba. Anakuja na vijana wake kuzibua mtaro ambao mvua imekwisha kuutapisha ndani ya nyumba za watu. Vocha ilikuja na mihuri yote mahali pake. Nikailipa. Kwa karatasi haikuwa na kosa hata moja, na kama mkaguzi angefika angenisifu.

Kwa hiyo ukisimama, sema wewe ni mwenye duka na maji yaliingia mpaka safu ya kwanza ya magunia. Waonyeshe kwa mkono, wakione kimo. Halafu uliza mtaro wa Mwembe Tayari umeandikwa kwenye kasma ipi, na utazibuliwa mwezi gani kabla ya vuli, na jina la kazi hiyo liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Uliza ile miche ya mwaka jana mingapi iko hai. Hapo patakuwa kimya kidogo, usiogope, ngoja. Kisha omba kwamba kila mradi wa tabianchi uje na fedha za kuutunza miaka mitatu, kama sivyo usipitishwe. Hayo matatu yanakutosha, na dakika wanazokupa hazitazidi.

Uende mapema. Kwa sheria ya fedha za umma ya 2012, waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti unafikishwa bungeni kwao ifikapo 28 Februari, na makadirio yenyewe 30 Aprili. Hapo ndipo maneno yana uzito. Ukija Juni, wakati bajeti inapitishwa, utapewa maji ya chupa na kushukuriwa kwa kuhudhuria. Na hiyo chupa, tafadhali, rudi nayo.

Kuhusu dawa: sitabishana nawe. Ukiniwekea mezani dawa ya sukari ya mgonjwa mmoja na hema la siku ya kupanda miti, nitachukua dawa mara mia. Lakini usikubali kuwekewa hivyo. Wanaokuambia uchague kati ya dawa na mtaro hawakuambii uchague kati ya mtaro na safari za semina. Fungu lenye wenyewe halitajwi mkutanoni.

Mkeo nipelekee salamu. Mwambie aje naye, akae mbele. Wanaume wakiona mke wa mtu anawatazama hawazomei.

SWALI

Mzee, sisi ni kikundi cha akina mama wa Junda, tunatunza mikoko. Amekuja kijana na karatasi za Kiingereza, asema tutie saini tuuze hewa ya mikoko yetu Ulaya, tutatajirika. Ni kweli hewa inauzwa?

Mama wa Tume, Junda

JIBU

Inauzwa, mama, na si mbali. Gazi, kule Kwale, wanakijiji wa Mikoko Pamoja wanafanya hivyo tangu 2013. Wanalinda hekta 117, na wanachouza ni kaboni inayohifadhiwa na mikoko hiyo, tani kama 3,000 kwa mwaka, ili mnunuzi afidie moshi wake mwenyewe. Wamepata maji ya bomba na vifaa vya shule, na wanakaa wenyewe kuamua pesa ziende wapi. Lakini nani ametajirika Gazi? Hakuna. Wamepata maji. Ni kitu kikubwa, ila hakifanani na aliyokuahidini huyo kijana.

Karatasi ya lugha usiyoisoma usiitie saini hata kama aliyeileta ni mwanao. Mikoko yote ya pwani ni msitu wa serikali tangu 1932, kwa hiyo si yenu kuuza wala si yake kununua; kikundi kinahitaji makubaliano na Huduma ya Misitu kwanza, kupitia chama cha jamii cha msitu. Na sheria ya tabianchi iliyorekebishwa 2023 inasema mradi wa namna hii wa ardhini lazima uipe jamii si chini ya asilimia 40 ya mapato kila mwaka. Muulize kijana kwa Kiswahili: kwenye karatasi zako asilimia 40 iko ukurasa gani? Akianza kukueleza habari za Ulaya, mpe chai, msindikize.

Ninyi pia nendeni kwenye mkutano wa bajeti. Mwenye Duka hapo juu atauliza miche mingapi iko hai. Jibu mnalo ninyi.

SWALI

Nimepanda mkungu mbele ya nyumba yangu Majengo nipate kivuli, maana joto la Machi limekuwa la tanuri. Mbuzi wa jirani ameula mara mbili. Niiombe kaunti ijenge uzio, si ni tabianchi hii?

Mchovu, Majengo

JIBU

Usiombe uzio. Wa chuma utauzwa kwa kilo kabla ya mkungu haujatoa jani la tano. Tafuta pipa la zamani lisilo kitako wala kifuniko, toboa matundu ubavuni upite upepo, livike mche, lizike shubiri mbili. Mwagilia kwa maji ya kuoshea mchele, jioni.

Mbuzi ana mwenyewe. Mpelekee mahamri na mbaazi siku moja asubuhi, mwambie mkungu ni wa wote wawili na kivuli cha alasiri kitaangukia upande wake. Ukishaupita urefu wa mbuzi aliyesimama kwa miguu ya nyuma, lichimbue pipa, mpe wa nyumba ya tatu.